Pampu ya bwawa la nyumbani Malindi: ipi ununue, iende kasi gani, kwa saa ngapi

Kabla hujauliza bei, pima bwawa: urefu mara upana mara wastani wa kina. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 48,000. Maji yote hayo yapite kwenye chujio angalau mara moja kwa siku, na msimu wa kaskazi, joto likipanda na wageni wakijaa, mara mbili.

1. Pampu ya kasi inayobadilika. Tunaiweka mbele kwa sababu ya stima. Mizunguko ya mota ikipungua nusu, maji hupungua nusu, lakini nguvu inayohitajika hushuka hadi thumuni. Pampu ya kawaida inayosukuma lita 12,000 kwa saa kwa kilowati 1 humaliza bwawa letu kwa saa 4, yaani yuniti 4. Hii, ikienda nusu ya kasi, husukuma lita 6,000 kwa saa na hula takriban wati 200, ukihesabu na kinachopotea ndani ya mota na bodi ya umeme inayoiongoza. Saa 8, yuniti 1.6, na maji ni yale yale.

Ratiba nzuri ya kuanzia: saa 1 asubuhi kasi kamili kwa dakika 5 ili ivute maji vizuri, kisha asilimia 75 hadi saa 3 ili skima, mdomo ulio ukingoni unaovuta maji ya juu, ikusanye majani ya usiku, halafu asilimia 50 hadi saa 10 alasiri. Hapo umepitisha kama lita 60,000. Kujua kama kasi inatosha, weka jani la mwarobaini juu ya maji, mita moja kutoka mdomo wa skima. Likizubaa hapo hapo, ongeza asilimia 5, ujaribu tena. Penye mivinje, kikapu cha skima kikaguliwe kila siku, maana vijiti vyake huziba upesi kuliko majani mapana.

Geji ya chujio ilinganishwe kwa kasi ile ile daima. Wengi husoma presha ndogo pampu ikiwa polepole wakadhani mchanga wa chujio ni safi. Presha ikipanda nusu ya bar juu ya ile ya chujio safi, osha kwa kurudisha maji nyuma, na hapo weka kasi kamili. Polepole haiinui mchanga. Kama bwawa linatumia mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi, hakikisha haizimiki kwenye asilimia 50.

Udhaifu wake ni bodi. Hewa ya chumvi, sisimizi na volteji inayoruka stima ikirudi huiua. Funga kinga ya volteji, na muulize muuzaji kama bodi yauzwa peke yake. Akikwambia ununue pampu nzima, nenda namba 2.

2. Pampu ndogo ya kasi moja, robo tatu ya hospawa, na taima. Ikitoa lita 8,000 kwa saa, saa 6 zatosha, kaskazi, 12. Kapasita, kifaa kidogo cha kuanzishia mota, ikifa, fundi yeyote wa mota hubadilisha. Taima iwe na betri: ile isiyo nayo husimama stima ikikatika, na baada ya wiki mbili pampu yako inaanza kazi magharibi.

3. Pampu ya sola isiyo na betri. Mchana wa jua ni raha. Masika, mawingu yakitanda siku tatu, maji hugeuka kijani ukiyaangalia, na kuosha chujio husubiri jua.

4. Hospawa 1.5 au 2 kwenye bwawa dogo. Usinunue, hata kwa bei ya kutupa. Bomba la kuvuta la milimita 50 hubeba vizuri lita 8,000 hadi 9,000 kwa saa; zaidi ya hapo pampu hunguruma kama imemeza kokoto. Chujio la kipenyo cha milimita 500 nalo husukumwa kupita kiasi, na uchafu hurudi bwawani.

Yoyote utakayochagua, isifungwe ndani ya shimo, kwani masika hulijaza maji mota ikazama. Iwe kivulini, penye upepo. Mpira wa kifuniko cha pampu upakwe grisi ya silikoni, si vaselini, ambayo huuvimbisha. Ukiona vipovu chini ya kifuniko, hewa inaingia: kagua mpira huo kwanza, kisha viungo vya bomba la kuvuta.