TAHADHARI: Wakala wa mnada wa Japani anayekutoza kikomo chako

Ndugu mnaoagiza magari Japani kwa mnada, kabla ya kushangilia picha, angalieni ankara. Wapo mawakala, wengine na ofisi za vioo Dar na Mombasa, wengine namba ya WhatsApp tu, wanaocheza mchezo mmoja. Unamwambia wakala uko tayari kufika yeni 450,000. Baada ya siku mbili anakupigia: "Bosi, tumeshinda!" Ankara inakuja, yeni 450,000 kamili, halafu chini yake kamisheni. Mteja haulizi kitu, maana si ndiyo bajeti aliyoitaja mwenyewe? Hapo ndipo pesa inapopotea, na mteja anaondoka akishukuru.

Mnada wa magari Japani ni wa kupanda. Gari linapita kwenye skrini, wanaolitaka wanabonyeza kitufe, na kila mbonyezo unapandisha bei kwa yeni elfu chache. Likishabaki na mtu mmoja, kwa kawaida limeuzwa. Bei anayolipa mshindi haitokani na uwezo wa mfuko wake. Inatokana na pale mshindani wa mwisho alipoachia. Kama mwenzako aliishia 382,000, wewe unalichukua kwa 385,000 hivi, hata kama ulikuwa tayari kufika milioni. Kwa mfano huo wakala aliyekuandikia 450,000 amekula yeni 65,000 kimyakimya, mbali na kamisheni mliyokubaliana. Ili bei iangukie kwenye kikomo chako kabisa, kwa kawaida lazima awepo mtu aliyeachia hatua moja tu chini yako. Hutokea. Lakini wakala ambaye kila mteja wake "anashinda" kwa kikomo kilekile alichotaja, huyo hana bahati mbaya, ana tabia mbaya.

Wengi wanadanganyika hapa kwa sababu mnada tuliouzoea kwa mali za serikali na benki wakati mwingine huwa wa bahasha: unaandika bei, unafunga, mwenye bei kubwa anachukua na analipa alichoandika. Kuna na ule wa kushuka, kama saa ya mnada wa maua kule Aalsmeer, Uholanzi, ambako hata waridi za Kenya huuzwa: bei inaanzia juu inateremka, wa kwanza kubonyeza analipa bei ile ile iliyosimama. Katika minada hiyo miwili namba yako ndiyo bei. Katika mnada wa kupanda namba yako ni ukuta tu wa kumzuia wakala asipite. Wakala mjanja anakuuzia mnada wa kupanda kwa hesabu ya bahasha.

Dawa yake ni kudai karatasi moja kabla hujampa kazi, na iandikwe kwenye makubaliano: hesabu ambayo nyumba ya mnada inampa mwanachama baada ya kununua. Minada hii ni ya wafanyabiashara wenye uanachama. Mtu binafsi hanunui humo, awe Mjapani au Mtanzania. Kwa hiyo wakala wako, au kampuni anayoitumia, lazima awe na hesabu hiyo. Ni ya Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: bei gari lilipouzwa, kodi ya ulaji (kama VAT yetu), ada ya mnada, na fedha ya urejelezaji wa gari, yaani ya kuchakata mabaki yake likifika mwisho. Mpe kamisheni ya kiasi maalumu, isiwe asilimia ya bei, maana asilimia inamfanya afurahi gari likipanda. Akijibu kwamba hesabu hiyo ni siri ya kampuni, tafuta mwingine. Wakala mwaminifu wapo wengi tu, na hawa huituma bila kuombwa mara mbili.

Mkishaipata hiyo hesabu, tazameni mistari miwili ambayo mawakala hupenda kuibandika kwenye ankara ya mteja. Kodi ya ulaji ya Japani ni 10% tangu Oktoba 2019, lakini gari likisafirishwa nje, msafirishaji anadai arudishiwe. Fedha ya urejelezaji nayo hurejeshwa gari linapotoka nchini humo. Anayekutoza vyote viwili na kukaa kimya anapokea mara mbili: mara moja kwako, mara ya pili Japani. Wasafirishaji wengine husema wazi kwamba marejesho hayo ndiyo faida yao na wanakutoza kamisheni ndogo. Hilo ni sawa, alimradi mmekubaliana. Gharama nyingine za kweli ni chache: usafiri kutoka uwanja wa mnada hadi bandarini, karatasi za kufuta usajili, ukaguzi, kisha meli na bima.

Sasa kuna kundi la pili, hawa hawanunui gari lolote. Utawajua kwa saa. Mnada wa Japani ni shughuli ya mchana. Ule mkubwa wa USS Tokyo (USS ni kampuni ya minada ya magari), ulioko Noda mkoani Chiba, hufanyika Alhamisi, USS Nagoya ni Ijumaa, na siku moja huweza kupitisha magari zaidi ya 10,000. Japani wametutangulia saa sita. Mnada unaoanza saa nne asubuhi kule, huku kwetu ni saa kumi alfajiri, na ukivuka saa nane mchana wetu kwa kawaida viwanja vimeshafungwa. Mtu anayekupigia saa mbili usiku na kukuambia "zimebaki dakika kumi, ongeza hela sasa hivi tusilipoteze" anazungumzia mnada wa saa nane usiku wa Japani. Haupo. Jumapili minada mikubwa hupumzika, na mwaka mpya, wiki ya sikukuu mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, pamoja na katikati ya Agosti hufungwa pia.

Kadhalika tovuti yenye saa inayohesabu kurudi nyuma, "salio 04:59", pembeni majina ya watu wanaopandisha dau. Hiyo ni sura ya mnada wa muda maalumu, mfumo wa eBay na wenzake, ambako muda ukiisha mwenye dau kubwa ndiye mshindi. Kwenye uwanja wa magari wa Japani hakuna saa ya namna hiyo. Gari huuzwa chini ya dakika moja na linaisha pale mikono inapoachia. Majina yanayopanda kwenye skrini ya tapeli mara nyingi ni yeye mwenyewe, au programu yake, inayokusukuma mpaka ufike bei aliyoitaka. Hata kwenye minada halali ya muda maalumu mchezo huo wa wanunuzi bandia upo, na dalili ni ileile: akaunti mpya, hazina historia, zinapandisha dau mara nyingi kwa muuzaji yuleyule na hazishindi kamwe.

Amana kabla ya mnada, kwa yenyewe tu, si utapeli. Mawakala wengi halali huomba, kwa sababu ukishinda halafu ukaingia mitini, nyumba ya mnada inamdai yeye. Swali ni kama inarudi yote usiposhinda, na kwa siku ngapi. Jibu liandikwe.

Kwenye karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari, ndiko uchafu mwingi uliko, kwa hiyo tuikalie kidogo. Mkaguzi wa mnada huandika daraja, kilomita, na mchoro wa gari wenye alama. Daraja 4.5 na 4 ni gari zuri, 3.5 ni la kawaida lenye makovu, R au RA ni gari lililopata ajali ikagusa fremu likatengenezwa. Baadhi ya nyumba huandika 0 badala yake. Kwenye mchoro, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mawimbi kwenye bati yaliyoachwa na ukarabati, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba iliyofuata herufi ni ukubwa, 1 ndogo, 3 kubwa. Mwaka huandikwa kwa kalenda yao: H26 jumlisha 1988 upate 2014, R2 jumlisha 2018 upate 2020. Huo ni mwaka wa usajili wa kwanza, na mnunuzi wa Kenya ndio anaopaswa kuujali, maana ukomo wa miaka 8 wa Kenya huhesabiwa kutoka hapo.

Matapeli hufanya mambo matatu na karatasi hii. Hufuta tarakimu ya kwanza ya kilomita, 168,000 inakuwa 68,000. Hubadilisha R kuwa 4, ambayo kwa mwandiko wa haraka ni kazi ya dakika mbili. Au hukutumia karatasi halisi ya gari jingine la modeli ileile na rangi ileile, huku wamekata sehemu ya juu yenye namba ya mnada na namba ya chesisi. Karatasi iliyokatwa isikubaliwe hata kidogo. Omba yote, pembe zote nne, pamoja na picha ya kibati cha chesisi iliyopigwa kwenye gari lenyewe, ulinganishe. Kisha, gari likiwa bado Japani, omba hati ya kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Humo huwa na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa lazima wa Japani, ule wa shaken, ambao gari jipya hufanyiwa baada ya miaka 3 na baadaye kila miaka 2. Kilomita za ukaguzi zikizidi zile za karatasi ya mnada, jibu unalo.

Kabla ya kutuma pesa, kampuni yenyewe ichunguzwe. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba ya tarakimu 13, na Mamlaka ya Kodi ya Taifa ya Japani inaiweka wazi kwenye tovuti. Tafuta kwa namba, si kwa jina, maana majina mengi yamo kwa Kijapani tu. Kisha angalia orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika. Kutokuwamo si kosa, ila anayedai ni mwanachama na hayumo amejifichua. Jina la akaunti ya benki lilingane na jina la kampuni. Akaunti ya mtu binafsi, akaunti iliyo nchi ya tatu, au "lipia kwa namba hii ya simu ya mdogo wangu", simama hapo hapo. Na barua pepe ikija dakika za mwisho kwamba akaunti imebadilika kwa sababu ya ukaguzi wa hesabu, usiijibu. Piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, kwa kuwa barua hizo mara nyingi hutoka kwa mdukuzi aliyekuwa anasoma mazungumzo yenu wiki nzima.

Ukiwa umeshatuma, kimbilia benki siku hiyo hiyo, si kesho. Waombe warudishe malipo na wakupe nakala ya ujumbe wa SWIFT, mfumo wa malipo kati ya benki za nchi mbalimbali. Pesa ikishatolewa upande wa pili, benki yako haina la kufanya zaidi ya kuandika barua. Kama ulilipa kwa simu Tanzania, namba ya tapeli ripoti kwa 15040; Kenya, kwa laini za Safaricom, ni 333. Usifute mazungumzo hata kama yanakutia aibu, na usimwambie tapeli kwamba umemgundua mpaka benki imeshapokea maombi yako.