Nimezipima kwa usiku wa masasisho: Windows Server, Red Hat, Debian na FreeBSD

Kila anayeniuliza aweke mfumo gani kwenye seva yake huanza na bei. Mimi humuuliza: usiku wa masasisho, yaani wa kuweka matoleo mapya na viraka vya usalama, unataka kulala saa ngapi? Nimetunza seva za tovuti na barua pepe kwa miaka kumi na miwili, nyingi zikiwa mali ya watu wengine, na siku ya kuisimika mifumo yote hupendeza. Tabia zake huzijua baadaye, unapolazimika kuigusa huku watu wanaitumia. Kwa hiyo ninapima kwa kipimo hicho tu, na kwa mifumo minne niliyoishi nayo: miwili ya kulipia, miwili ya bure.

Nianze na Windows Server 2022, maana ndiyo watu wa programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote) hupenda kuibeza bila kuijua. Ratiba yake haina fumbo: Jumanne ya pili ya kila mwezi masasisho yanatoka, na kifurushi kimoja hubeba yote yaliyotangulia, kwa hiyo huna haja ya kujiuliza ni kiraka kipi kimekupita. Shida ni kuwasha upya. Karibu kila mwezi mashine lazima izimwe na kuwashwa. Toleo la 2025 linaweza kupokea viraka vingi bila kuzimwa, ukabakiwa na mara nne zilizopangwa kwa mwaka, lakini kwenye mashine zako mwenyewe huduma hiyo hulipiwa kila mwezi kwa kila kiini cha prosesa.

Na hesabu za viini ni kazi nyingine kabisa. Hata prosesa yako ikiwa na viini 4, utalipia leseni ya viini 16, kwani hicho ndicho kiwango cha chini kwa seva moja. Kisha kuna leseni za kila mtumiaji au kila kifaa. Wageni wanaosoma tovuti bila kujitambulisha hawahesabiwi, ila watumishi wako wanahesabiwa. Kuna wakati jedwali langu la leseni lilikuwa refu kuliko orodha ya seva zenyewe.

Haki yake nimpe, hata hivyo. Kwa ofisi yenye watumishi mia na kompyuta zao, sijaona cha bure kinachoifikia kwa wepesi Active Directory, huduma yake ya kusimamia akaunti na kompyuta za ofisi nzima. Programu za zamani zilizoandikwa kwa .NET Framework, jukwaa la Microsoft, nazo hazina kwingine kwa kwenda. Toleo la 2022 litapata viraka vya usalama hadi Oktoba 2031. Ushauri wangu ni mmoja: lisimike kwa mtindo wa Server Core, bila madirisha. Unabaki na PowerShell, yaani kuandika amri, na vitu vichache vya kuvunjika. Mimi nililijua hilo nikiwa nimechelewa miaka.

Red Hat Enterprise Linux inawachanganya wanaodhani biashara na programu huria ni paka na panya. Msimbo ni huria. Unacholipia ni usajili, yaani masasisho, watu wa kukujibu, na miaka 10 ya matunzo kwa kila toleo kubwa. Usiku wake ndio mtulivu kuliko yote, kwa sababu viraka vya usalama hurudishwa ndani ya toleo lilelile la programu badala ya kukuletea toleo jipya lenye tabia ngeni. Mteja mmoja alinitumia ripoti ya skana ya usalama ikilalamika kwamba Apache yake, programu inayohudumia tovuti, ni ya zamani na ina matundu. Matundu yalikuwa yamezibwa miezi mitatu nyuma. Skana ilisoma namba ya toleo tu. Nilitumia asubuhi nzima kumweleza.

Ukitaka utulivu huo bila kulipa, kuna AlmaLinux na Rocky Linux, mifumo ya bure inayoifuata Red Hat. Zote mbili zilizaliwa baada ya Desemba 2020, Red Hat ilipotangaza kwamba CentOS 8, nakala ya bure ya mfumo wake iliyokuwa mikononi mwake na iliyotarajiwa kuishi hadi 2029, itakoma mwisho wa 2021. Tangu hapo, mtu akiniambia mfumo fulani ni wa bure, nauliza unamilikiwa na nani.

Debian haimilikiwi na kampuni. Ni jumuiya iliyoanza mwaka 1993, na ndiyo ninayoifahamu kama mfuko wangu. Masasisho ya kawaida humalizika kabla chai haijapoa. Hapo mashine haizimwi, isipokuwa kerneli, kiini cha mfumo wenyewe, ikibadilika. Lakini Debian huuliza maswali, na ukijibu umesinzia, imekula kwako. Nikiwa kwenye kuhama kutoka toleo la 11 kwenda 12, iliniuliza kama nibaki na faili langu la mipangilio ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, au nichukue la mtunza kifurushi. Nikachagua la mtunza kifurushi. Nilikuwa nimeihamishia SSH kwenye mlango (port) mwingine, na ngome yangu (firewall) iliruhusu mlango huo pekee. SSH ikarudi mlango wa 22, ngome ikaufunga, nami nikaaga kwa furaha na kujifungia nje ya nyumba yangu. Saa nane usiku.

FreeBSD ingenisamehe kwa urahisi zaidi. Ukiwa na ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi faili, andika amri ya bectl create kabla ya kusasisha, nayo huhifadhi hali ya sasa. Mambo yakiharibika unawasha mashine kwenye hali ya jana. Ina jela za kutenganisha huduma tangu toleo la 4.0 la mwaka 2000, na kitabu chake cha mwongozo nakisoma bila kununa. Netflix wanaitumia kusambaza video zao. Ubaya wake ni kwamba wasanidi wengi hukuletea kazi ikiwa imefungwa kwa Docker, vifurushi vilivyotengenezwa kwa ajili ya Linux, na hapo unabaki unatazamana nao.

Kuhusu usalama, mabishano ya pande zote mbili, wa kulipia na wa huria, yananichosha. WannaCry, programu hasidi iliyofunga faili za watu na kudai fidia, ilipolipuka Mei 2017, kiraka cha Windows kilikuwa nje tangu Machi. Na mlango wa siri uliopenyezwa kwenye xz, programu huria ya kubana faili, uligunduliwa Machi 2024 na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, baada ya kuona SSH inachelewa nusu sekunde hivi kwenye mashine yake ya Debian ya majaribio.

Kwangu sasa tovuti zote zimo Debian, barua pepe imo FreeBSD, na wateja wawili wanaotaka mkataba wa msaada wako Red Hat. Windows Server imebaki kwenye mashine moja yenye programu ya mishahara, ambayo mwandishi wake alishastaafu. Jumanne ya pili huanza nayo. Wakati inajiwasha upya, nazimaliza nyingine.