Kulala kwa wenyeji Afrika Kusini tukifuata miamba: uzoefu wangu na Couchsurfing

Swali ni kama Couchsurfing, mtandao wa kuomba kulala bure kwa wenyeji, unafaa kwa safari ya kupanda miamba. Nianze na jibu, maana najua wengi mnaruka hadi mwisho. Couchsurfing itawapa kitanda mjini. Mwenyeji anayepanda miamba mtamtafuta kwingine, na huyo ndiye atakayewafaa zaidi. Kama ni kikundi cha vijana, mfuko ni mwembamba na mnawaza safari ya miamba nje ya nchi, someni kwanza kabla ya kulipa ada.

Tulikuwa vijana wanne kutoka Nairobi, wote tumefunzwa kupanda Lukenya na Hell's Gate. Kwa muda mrefu mazungumzo yetu yalikuwa Kalymnos, kile kisiwa cha Ugiriki ambacho kila mpandaji ana picha yake kwenye simu. Yeyote aliyewahi kupanga foleni ya viza ya Ulaya akiwa na taarifa ya benki kama yangu anajua mazungumzo hayo yaliishia wapi. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza na kukaa hadi siku 90 kwa mwaka. Basi tukageuza macho kusini, tukachagua Waterval Boven, mji mdogo wa Mpumalanga ambao siku hizi jina lake rasmi ni Emgwenya. Miamba yake ni ya rangi ya machungwa, bolti (vyuma vya kufungia kamba) zimeshapigwa mwambani, na njia ni nyingi za kila kiwango.

Nauli ya ndege ilimeza karibu kila kitu tulichokuwa tumechanga. Ndipo wazo la kulala kwa wenyeji likaja.

Kwa asiyejua: Couchsurfing ni mtandao ulioanza 2004. Unajisajili, unaeleza wewe ni nani, kisha unaomba kulala kwa mtu katika mji unaokwenda. Mwenyeji hakutozi kitu. Zamani mtandao wenyewe pia ulikuwa bure, lakini tangu 2020 wanachama katika nchi nyingi wanalipa ada. Sisi tulilipia akaunti mbili tu, kila moja ikiwakilisha watu wawili, na tuliandika hivyo wazi kwenye kila ombi. Asiyetaka kulipa ana BeWelcome, ambayo haina ada na inaendeshwa na watu wa kujitolea, ila wenyeji wake ni wachache. Warmshowers msisumbuke nayo. Hiyo ni ya waendesha baiskeli.

Kinachofungua milango humo ni maneno ambayo watu wengine wamekuandikia baada ya kukaa nawe. Ukiwa mgeni kabisa, ukurasa wako hauna hata sentensi moja ya mtu anayekufahamu, na mwenyeji mwenye busara atasita. Simlaumu, hata mimi ningesita. Njia tuliyoitumia naipendekeza kwa nguvu zote: miezi kadhaa kabla ya safari tulianza sisi kuwa wenyeji. Nyumba yetu ya mtaa wa Umoja, Nairobi, ni ya vyumba viwili, godoro la ziada lipo. Tulimpokea dada mmoja msafiri kutoka Slovenia, tukamlisha chapati na ndengu, Jumamosi tukampeleka Lukenya, akapigwa jua na kukimbizwa na nyani. Aliporudi kwao akatuandikia aya nzima. Baada yake tukapokea wengine. Maombi yetu ya kwenda Johannesburg na Pretoria yakaanza kujibiwa.

Jambo jingine ni idadi. Watu wanne ni wengi. Wenyeji wengi wana kochi moja au chumba kimoja, na ukiandika "tuko wanne" wanapita tu. Gaweni kikundi wawili wawili, muombe nyumba mbili zisizo mbali sana, mkutane asubuhi.

Na ombi lenyewe liandikwe na mtu, lisiwe la kunakili na kubandika. Tulisoma ukurasa wa kila mwenyeji hadi mwisho, kwa sababu wengine huficha swali humo ndani waone nani kasoma. Tulitaja tarehe, saa ya kutua, kwamba tuna mabegi makubwa yenye kamba na vyuma (mtu asishtuke akisikia mlio mlangoni), kwamba tunaondoka mapema alfajiri, na kwamba tunaweza kupika. Hilo la kupika lilijibiwa kuliko yote.

Mama yangu alikuwa na lake. "Mtoto wangu, unakwenda kulala kwa mtu usiyemjua, nchi ya watu, halafu unaniambia ni bure? Bure ya nani hiyo?" Sikumpuuza. Dada wawili wa kikundi chetu waliomba kwa wenyeji wanawake au familia tu, na walisoma yale yaliyoandikwa na wageni wanawake kabla ya kitu kingine chochote. Tuliacha anwani zote nyumbani, tukakubaliana saa ya kupiga simu kila jioni, na kila mmoja alikuwa na akiba ya kulipia hosteli angalau usiku mbili bila kumwomba mtu.

Akiba hiyo ilitumika siku ileile tuliyotua. Mwenyeji wa akina dada alituma ujumbe mchana, sisi tukiwa angani, kwamba amepata dharura. Sentensi moja. Walilala hosteli, wakakasirika kidogo, wakala, wakalala. Mtu anayekupokea bure ana haki ya kughairi, na hakuna ofisi ya kwenda kudai. Kama bajeti yenu haina nafasi ya usiku mmoja wa kulipia, hamjawa tayari kwa safari ya aina hii.

Kabla sijasahau, uwanja wa ndege wa OR Tambo, Johannesburg. Afisa wa uhamiaji aliuliza mambo mawili: tiketi ya kurudi na mahali tutakapolala. Kujibu "kwa rafiki wa mtandaoni" hakutoshi. Tulikuwa na anwani kamili, nambari ya simu, na ujumbe wa mwenyeji uliochapishwa kwenye karatasi. Cheti cha homa ya manjano pia ni lazima kwa anayetoka Kenya, kile cha njano, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari ndipo cheti kianze kufanya kazi. Watu wanakumbuka karabina, zile pete za chuma za kupandia, na kusahau hicho.

Mwenyeji wangu wa Pretoria alikuwa mwalimu mstaafu. Sisi tulimwita Mama tangu mlangoni naye akaitika kana kwamba ndiyo kawaida. Alitupikia pap na mchuzi wa nyama, tukatazamana: hii si ugali? Tukaila kwa mkono, akafurahi. Umeme ulikuwa ukikatwa kwa ratiba miezi hiyo, na ratiba yenyewe ilikuwa imebandikwa kwenye friji pamoja na masharti ya nyumba: maji ya moto dakika tano, viatu nje, mlango wa chuma ufungwe mara mbili. Tulimpelekea majani ya chai ya Kericho na vitenge. Lakini Mama hakuwahi kuona mwamba ukipandwa, na Waterval Boven ni kilomita kama 250 mashariki. Alitupa upendo wote, usafiri hakuwa nao.

Mwenyeji wa miamba tulimpata kwa njia ya kizamani. Mzee mmoja tuliyemzoea kwenye Mountain Club of Kenya, klabu ya tangu 1949 yenye nyumba yake pale Wilson Airport, alitushauri tuandikie wenzao wa Mountain Club of South Africa, ambayo ni kongwe zaidi, ya 1891. Tulituma barua pepe fupi: sisi ni nani, tunapanda kiwango gani, tutakuwa huko lini, tunatafuta mtu wa kutuonyesha njia, si lazima atulaze. Hilo la mwisho nadhani ndilo lililosaidia. Mwanachama mmoja alijibu kwamba anakwenda Boven wikendi, ana nafasi ya watu wanne kwenye gari na ana sakafu.

Jioni ya kwanza, kabla hata ya chakula, aliuliza: "Kamba yenu iko wapi?" Tukamletea, ya mita 70, tuliyoinunua kwa mchango na kuitunza kwa fahari. Akaiweka juu ya meza ya jikoni, akaanza kuipitisha vidoleni polepole kutoka ncha moja, akiikunja kidogo kila sehemu. Karibu mita nne kutoka mwisho akasimama. Akanipa niikunje mwenyewe. Sehemu nyingine zote zilijikunja kwa duara zuri, lakini pale ilivunjika kama mrija wa soda, uti wa ndani umelegea ilhali kwa nje ganda halina hata mkwaruzo. Hakutuhubiria. Alitafuta kisu, akakipasha moto kwenye jiko la gesi, akakata, akaiyeyusha ncha ili nyuzi zisifumuke. Kisha akasema jambo ambalo tusingelijua huenda lingemgharimu mmoja wetu: alama ya katikati si katikati tena, kwa hiyo kila kushuka, fundo mwisho wa kamba, bila mjadala.

Mama wa Pretoria asingeweza kutupa hilo, na wala si kosa lake.

Boven yenyewe niseme kidogo tu. Mji ulikua na reli ya miaka ya 1890 iliyotoka Pretoria kwenda pwani, Maputo ya leo, na handaki lake la zamani bado lipo karibu na maporomoko ya mto Elands. Reli yetu ya Mombasa ilianza 1896, kwa hiyo tulijihisi nyumbani kwa namna fulani. Daraja zao za ugumu wa njia ni nambari tupu: aliyezoea 6a ya Kifaransa atafute 18 au 19 kuanzia. Juni hadi Agosti ni kipupwe, kikavu na cha jua, lakini usiku baridi inauma kweli, mtu wa Mombasa asije na shuka. Baadhi ya miamba iko kwenye ardhi ya watu binafsi, hivyo ulizeni vibali kwanza, na msiache kitu chochote kinachoonekana ndani ya gari. Hapo tena mwenyeji anayepafahamu anawaokolea nusu siku ya kubabaika.

Nyota? Kitanda cha mjini naipa Couchsurfing nne kati ya tano, na moja ninayoizuia ni ya ada, kwa sababu kijana wa chuo anaihisi. Kwa upande wa miamba siipi nyota yoyote, nzuri wala mbaya, maana haikuundwa kwa kazi hiyo. Kama fedha inatosha kitu kimoja tu, lipeni uanachama wa klabu ya nyumbani kwenu kwanza, kisha muandike barua pepe.

Yule mwenyeji wa Boven naye ameshatuuliza kuhusu Hell's Gate, na kama Fischer's Tower, ule mnara wa mwamba wa pale, bado ina pimbi wanaoiba chakula. Bado ina. Godoro lake liko tayari Umoja, na ameambiwa masharti: viatu nje, maji yakikatika tunapanga foleni na mitungi kama majirani wote, na asije na watu zaidi ya wawili.