Printa ya 3D ya kwanza Nairobi: ipi ununue, ipi uiache

Usidanganywe na kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kinachowakatisha wengi tamaa ni tabaka la kwanza la plastiki kukataa kushika kwenye meza ya printa, ambako kitu hujengwa tabaka juu ya tabaka, na hicho ndicho kipimo tulichotumia hapa. Mbili za kwanza zilitoka 2023 kwa bei isiyozidi dola 300, kabla ya usafiri na ushuru.

1. Bambu Lab A1 mini. Husawazisha meza yenyewe. Eneo la kuchapia ni milimita 180 kila upande: dogo, lakini vishikio vya simu, gia na vitufe vya redio vinaenea. Hula wati 150 hivi, kwa hiyo UPS (betri ya kuendeleza kazi stima ikikatika) ya VA 650 huibeba dakika kadhaa. Hilo ni kubwa hapa kwetu. Ni kweli printa hukumbuka ilipoachia stima ikirudi, ila meza ikishapoa plastiki husinyaa na kujibandua, na kazi ya saa tisa imeenda. Nunua UPS kabla ya plastiki ya rangi ya pili.

2. Creality Ender 3 V3 SE. Nayo hujisawazisha, na ni kubwa zaidi: milimita 220 × 220 × 250. Hufika wati 350, hivyo UPS ndogo itaelemewa. Kabla ya kuchomeka, hakikisha swichi ya volti kwenye pawasaplai iko 230. Ikiwa 115, itaungua papo hapo.

3. Ender 3 ya zamani, mtumba. Ni ya anayependa bisibisi. Meza husawazishwa kwa skrubu nne, ukipitisha karatasi chini ya nozeli (ncha inayotoa plastiki iliyoyeyuka) mpaka ikwaruze kidogo. Muuzaji achape mchemraba wa milimita 20 ukiona. Tabaka zikihama, mara nyingi mkanda umelegea.

4. Ya rezini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga. Sanamu ndogo hutoka safi kuliko zote. Lakini inadai glavu, alkoholi ya kuoshea, taa ya UV na hewa ya kutosha, na rezini mbichi haimwagwi kwenye sinki. Kwa bedsita, hapana.

Kwa tatu za kwanza, anza na PLA, uzi wa plastiki rahisi kuchapia, wa unene wa milimita 1.75; kilo moja ni kama mita 330. Nozeli sentigredi 200 hadi 215, meza 60. Usiichapie kitu cha kukaa kwenye dashibodi, kwa kuwa hulainika karibu na 60; hapo weka PETG, plastiki inayostahimili joto zaidi, nozeli 240, meza 75. Mvua za Aprili zikianza, plastiki hufyonza unyevu: nozeli ikitatarika na kuacha utando kama wa buibui, ikaushe PLA kwa sentigredi 45 hadi 50 kwa saa sita, kisha ifungie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.