Petroli ya Aspen 4 kwenye mashine ya kukatia majani: uzoefu wangu wa misimu miwili, Leicester, Uingereza

Mwaka juzi, wiki ya mwisho ya Machi, saa zimeshasogezwa mbele na jua limetoka, niliitoa mashine yangu kibandani nikavuta kamba mpaka bega likauma. Haikukohoa hata mara moja. Majani yalishafika kifundo cha mguu, na kwa hali ya hewa ya hapa Leicester ukiipoteza siku kavu ya mwezi huo unaweza kungoja nyingine wiki mbili. Nikaipeleka kwa fundi. Nililipa pauni 75, nikakaa siku kumi na moja bila mashine.

Hela iliniuma, lakini yule fundi alinionyesha kitu. Alifungua kibakuli cha chini cha kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, na ndani mlikuwa na utando wa kijani unaonata kama ulimbo wa fenesi. Kile kitundu cha kupitishia mafuta, chembamba kuliko sindano ya cherehani, kilikuwa kimeziba kabisa. Akaniuliza kama niliacha petroli humo tangu Oktoba. Niliiacha, ndiyo. Kwetu Tanga majani tunafyeka mwaka mzima, mashine haipati nafasi ya kulala miezi mitano, kwa hiyo sikuwahi kulifikiria hilo.

Petroli ya kawaida hapa Uingereza tangu Septemba 2021 ni E10, yaani ethanoli inaweza kufika asilimia 10. Ethanoli huvuta unyevu wa hewani, na petroli yenyewe ikikaa muda mrefu sehemu zake nyepesi huruka na kubakiza gundi. Ndipo nikaanza kutumia Aspen 4, petroli ya alkaileti (iliyo safi kuliko ya kawaida) kutoka Sweden, iliyotengenezwa kwa injini ndogo za mipigo minne kama hii yangu. Haina ethanoli, na harufu yake haikupandi kichwani. Kwenye dumu lililofungwa vizuri inakaa miaka bila kuharibika.

Ninavyofanya ni hivi. Baada ya ukataji wa mwisho, naiacha mashine ingurume mpaka petroli iishe yenyewe, namimina Aspen kama vikombe viwili, naiwasha tena dakika kumi ili mafuta mapya yafike mpaka kwenye kabureta, kisha naifunika. Machi ya mwaka jana nilivuta kamba: ya kwanza kimya, ya pili ikakohoa, ya tatu ikawaka. Mwaka huu iliwaka ya pili. Nilifurahi mno, sina namna nyingine ya kusema.

Lakini mashine kuwaka ni kitu kimoja, kukata vizuri ni kingine. Kabla ya yote chomoa waya wa plagi ya injini, maana kisu kikizunguka na mkono wako uko chini, hakuna wa kukusaidia. Ukiilaza, chujio la hewa liangalie juu, la sivyo oili inalilowesha. Kisu changu nakinoa kwa tupa, nikifuata mwinamo wake ule ule wa kiwandani, nikisukuma tupa kwa mwelekeo mmoja tu. Halafu nakitundika kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande ukishuka, ndio mzito, naurudia kwa tupa kidogo mpaka kisu kitulie mlalo. Usipofanya hivyo mashine itatetemeka mpaka mikono ife ganzi. Kisu butu nacho hakikati, kinachana. Baada ya siku mbili ncha za majani zinageuka nyeupe na bustani nzima inaonekana kama imeungua. Oili nabadilisha kila mwaka, plagi naisafisha, basi.

Bustani yenyewe naipitia kwa reki kwanza: vijiti, mawe, midoli ya watoto. Ule uoto laini kama sufi unaojaza sehemu zenye kivuli niliunyunyizia feri salfeti, dawa yenye madini ya chuma, ukawa mweusi, nikaukwangua. Angalizo: ile dawa ikidondokea kwenye vigae vya nje inaacha madoa ya kutu. Yangu yapo mpaka leo.

Sikati mpaka udongo upate joto kidogo na umande ukauke, na mara ya kwanza kisu nakiweka juu, sentimita 4 hadi 5. Ninachoondoa hakizidi theluthi moja ya urefu. Ukinyoa chini mapema, mizizi inadhoofika na magugu yanapata nafasi.

Ubaya wa Aspen ni bei. Kwa lita ni zaidi ya mara tatu ya petroli ya kituoni, na huipati kila mahali. Mimi nafuata kwenye duka la mashine za bustani. Ndiyo maana Aprili hadi Septemba natumia E5 ya kituoni, yaani petroli yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5, inayokwisha kabla haijachacha, na dumu la Aspen naliweka kwa ajili ya kulaza mashine na kuiamsha. Mwenye bustani ndogo anayekata mara chache anaweza kuitumia mwaka mzima, haitamfilisi.

Ila kama kabureta yako imeshaziba, usinunue ukitarajia miujiza. Haizibui. Isafishe kwanza, ndipo uijaze.