Quadtone RIP kwa picha nyeusi na nyeupe: inafaa?

Hapa Kisumu wateja wangu wengi hutaka rangi. Lakini picha za matanga, na zile ninazopiga kwenye mawe ya Kit Mikayi, nazichapa nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo programu hupimwa. Kwa kawaida printa huunda kijivu kwa kuchanganya wino wa rangi. Chini ya taa ya studio ni kijivu safi; ukitoka juani, kimeelekea kijani au zambarau.

Quadtone RIP, programu ya kuchapa ya Roy Harrington, imeundwa hasa kwa printa za Epson. Inaikwepa draiva ya kawaida (programu ya Epson inayoendesha printa) na kuamua yenyewe kila wino utoke kiasi gani. Nimeipendea vivuli: nyufa za mawe zinabaki nyufa, hazizami kwenye weusi mmoja. Bei ni dola 50, na unaruhusiwa kuijaribu kwanza. Sura yake, lo, kama fomu ya serikali! Karatasi mpya nayo inataka uchape ngazi ya vijivu, yaani vipande kutoka cheupe hadi cheusi, na kuipima; usipokuwa na kipimio, tumia mipangilio iliyokuja nayo.

Kama Epson yako ina wino za K3 (mweusi pamoja na vijivu viwili), anza na chaguo la Advanced B&W Photo lililomo kwenye draiva. Ni bure, na kwa picha ya matanga inatosha kabisa.

Wenye printa za wino nne, zile za matangi zilizojaa mjini, okoeni pesa zenu. Wino wa kijivu hamna, na mweusi peke yake huacha chembechembe penye mwanga.