TAHADHARI: Meseji ya "mzigo wako umezuiwa" inawinda kadi yako ya benki

Kuna meseji inayokuja kwa jina la posta au kampuni ya vifurushi. Inadai mzigo wako umezuiwa kwa kuwa anwani ina kasoro au ada ya forodha haijalipwa, kisha inakupa linki ya kulipia. Kiasi ni kidogo mno, hela ambayo mtu huilipa bila kujiuliza mara mbili. Msiilipe. Ada hiyo ni chambo tu. Wanachotaka ni namba ya kadi, tarehe ya mwisho wa matumizi, tarakimu tatu za nyuma, na OTP, yaani namba ya siri ya kutumika mara moja ambayo benki hukutumia kuidhinisha malipo, itakayoingia kwenye simu yako dakika hiyo hiyo.

Hutumwa kwa namba nyingi kwa mpigo, mtumaji hajui nani kaagiza nini. Ikimkuta mtu aliyeagiza vitu China au Dubai na anasubiri kweli, anaona wamemjua. Kwenye iPhone utakuta maelekezo ya ajabu: "Jibu Y, toka, kisha fungua tena." Sababu ni kwamba iPhone huzuia linki kutoka kwa mtu usiyemjua mpaka umjibu. Ukijibu, umemfungulia mlango mwenyewe. Meseji yoyote inayokuelekeza hivyo, futa.

Ukurasa wenyewe unafanana na wa posta hadi rangi na nembo, na alama ya kufuli juu ipo. Kufuli maana yake ni kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe njiani. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Soma anwani: tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi kushoto. Maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo, au matatu kwa anwani zinazoishia .co.tz na .co.ke, ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Ikiandikwa posta.mzigo-lipa.top/tz, mwenyewe ni mzigo-lipa.top, neno "posta" hapo mbele ni pambo ambalo yeyote anaweza kuliweka. Na jueni kwamba kurasa nyingi za aina hii humwonyesha tapeli kila tarakimu unapoiandika. Ukistuka katikati ukafunga bila kubonyeza "Lipa", namba uliyokwisha kuiandika wameshaichukua.

Sasa OTP. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa sababu wanainakili namba bila kusoma maneno yanayoizunguka. Meseji za benki nyingi hutaja kiasi na jina la muuzaji. Kama ulidhani unalipa ada ndogo ya mzigo, na meseji inataja dola 480 kwa duka usilolijua, basi hicho ndicho unachoidhinisha. Kwa walioko Ghuba, Ulaya na Marekani Kaskazini, ambako watu hulipa dukani kwa kugusisha simu, hatari ni kubwa zaidi: meseji inaweza kusema namba hiyo ni ya kuunganisha kadi na Apple Pay au Google Pay. Ukiitoa, kadi yako inaingia kwenye simu ya tapeli. Anaweza kukaa kimya siku au wiki kadhaa, umeshasahau, ndipo aanze kununua bila kuulizwa OTP tena.

Ukiidhinisha kwa OTP, kudai fedha kunakuwa kugumu. Chini ya kanuni za Visa na Mastercard, malipo ya mtandaoni yaliyothibitishwa hivyo kwa kawaida humwondolea muuzaji dhima ya wizi na kuihamishia kwa benki iliyotoa kadi. Benki nayo itakuambia namba ilikuja kwenye simu yako na wewe ndiye uliyeitoa. Kwa hiyo usiifute ile meseji ya OTP. Ikiwa maneno yake yalikuwa ya jumla tu, bila kiasi wala jina la muuzaji, hiyo ni hoja yako.

Kwetu kadi nyingi ni za debiti, fedha inatoka moja kwa moja kwenye akaunti ya mshahara. Usinunulie mtandaoni kwa kadi hiyo. Fungua akaunti ndogo ya pili, weka kiasi cha manunuzi ya siku hiyo tu, au tumia kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na M-Pesa, ipo Tanzania na Kenya. Kama programu ya benki yako inaruhusu, zima malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi, uwashe unapolipa na kuzima ukimaliza. Washa taarifa ya kila muamala, hata wa shilingi mia, maana wezi huanza kwa kujaribu kiasi kidogo kuona kama kadi iko hai.

Aliyekwisha kuandika kadi yake afungie kadi sasa hivi kwenye programu, kabla hata ya kupiga simu. Kisha apige namba iliyoko nyuma ya kadi. Namba za "huduma kwa wateja" zinazookotwa Facebook au Google ni shamba jingine la matapeli. Usiseme tu "nimeibiwa". Sema: "Nimeweka taarifa za kadi kwenye tovuti ya kitapeli. Naomba kadi hii ifutwe, nipewe yenye namba mpya, na simu zote na tokeni zilizounganishwa na kadi ya zamani ziondolewe." Sentensi hiyo ya mwisho ni muhimu, kwa sababu kadi ikibadilishwa, benki inaweza kuhamishia usajili wa malipo ya kila mwezi na tokeni za simu (namba mbadala ambazo simu hutumia kulipa badala ya namba ya kadi) kwenye namba mpya, na mwizi akaendelea kula.

Omba namba ya lalamiko, andika saa na jina la aliyekuhudumia, jaza fomu ya kupinga muamala kwa maandishi, chukua RB polisi, yaani namba ya taarifa uliyotoa (Kenya ni OB). Usingoje taarifa ya mwisho wa mwezi: muda wa kupinga una kikomo. Piga picha za skrini, kisha itume ile meseji ya kitapeli kwenda namba 15040 kwa Tanzania, au 333 kwa wateja wa Safaricom.

Halafu kaa chonjo na simu ya pili. Baada ya siku moja mbili anaweza kupiga mtu mpole, anajua jina lako na tarakimu nne za mwisho za kadi, anajitambulisha kuwa ni wa kitengo cha udanganyifu benki, anaomba OTP "ili tufute muamala". Namba za kadi alizipata kwenye ule ukurasa ulioujaza mwenyewe. Benki haifuti muamala kwa kuomba usome OTP kwenye simu. Kata, upige mwenyewe namba ya nyuma ya kadi.